Usiuze hilo shamba la Pongwe kabla ya krosimachi

Mkuu, mwambie huyo mnunuzi asubiri mpaka kifanyike krosimachi, kile kipimo cha kuona kama damu ya mkeo inazishambulia chembe zako. Nimesoma uzi wako wote: figo za mkeo zimefeli, nyote wawili ni grupu O, umeamua kumpa figo yako, shamba la Pongwe liko sokoni, na unauliza gharama za Muhimbili na India, mtoaji analazwa muda gani, na kama binti yenu mkubwa anaweza kuwa akiba. Katikati umetaja kwa kupita tu kwamba mkeo amekuzalia watoto wanne. Hapo ndipo pa kusimama.

Sisi tuliuza nyumba ya Ngamiani. Mke wangu alikuwa anasafishwa damu, mimi O, yeye O, na dalali wa safari za matibabu akatuapia kwamba grupu zikishalingana kazi imekwisha, kilichobaki ni tiketi. Akachukua chake mapema. Kufika India, daktari wala hakushughulika na grupu. Swali lake la kwanza kwa mke wangu: umebeba mimba ngapi, hata zilizoharibika? Wakachukua majimaji ya damu yake, wakayachanganya na chembe nyeupe zangu kwenye kisahani chenye vishimo vidogo, kisha wakatia rangi. Chembe iliyo hai haiingizi ile rangi, iliyokufa inainywa. Niliitwa kuchungulia kwenye hadubini: zangu karibu zote zilikuwa zimekunywa rangi. Damu ya mke wangu inaziua chembe zangu! Hiyo ndiyo krosimachi. Tukarudi Tanga vile vile tulivyoondoka, ila nyumba hatuna. Na yule dalali mpaka leo anapokea wagonjwa na kuwaambia maneno yale yale. Mtu anayekula pesa za wagonjwa kwa kitu asichokijua simsamehi, na asije mtu hapa kumtetea.

Grupu ya damu ni jambo moja, aina ya tishu ni jingine kabisa. Jeni za tishu, zile zinazoitwa HLA, ziko kwenye kromosomu namba 6, zimebanana kiasi kwamba mtoto kwa kawaida huzipokea kama furushi zima: moja la baba, moja la mama. Maana yake kila mtoto uliyezaa na mkeo amebeba furushi lako. Wakati wa mimba na wa kujifungua, chembe za mtoto hupenya kwenye damu ya mama, mwili wake ukaziona ngeni, ukatengeneza kingamwili, yaani askari wa damu, za kulipinga furushi lako. Si kila mama humtokea, lakini kila mimba inaongeza uwezekano. Na si habari ya jana. Mwaka 1958 Jon van Rood wa Uholanzi na Rose Payne wa Marekani walizieleza kingamwili hizi kwa wanawake waliozaa. Mwaka 1969 Patel na Terasaki wakaonyesha hatari ya kupandikiza figo wakati krosimachi ni chanya, yaani damu ya mgonjwa inaziua chembe za mtoaji: figo inaweza kukataliwa mgonjwa akiwa bado mezani, ikageuka rangi na damu kuganda ndani yake. Kwa hiyo kile kisahani ndicho kilichomwokoa mke wangu. Kilitakiwa kuja kabla ya kuuza nyumba, basi.

Binti yako naye usimtegemee kichwa kichwa. Nusu yake ni ya mama, sawa, ila nusu ya pili ni furushi lako lile lile. Kama mkeo ana kingamwili dhidi yako, zinaweza kumkuta na yeye.

Anza na ndugu zake wa tumbo moja na baba mmoja. Kwa kila mmoja, uwezekano wa kulingana mafurushi yote mawili ni robo, furushi moja ni nusu, kutolingana kabisa ni robo. Uliza vizuri nani ni wa nani, maana huku Pwani wote tunawaita kaka na dada. Wa baba mmoja mama mbalimbali, kwa kawaida anaweza kuchangia naye furushi moja tu, la baba.

Yule aliyekushauri kwenye uzi wako utafute mtoaji Mdigo mwenzake mkeo hajakosea sana, ila amekupeleka mbali. Ni kweli jamii hutofautiana: aina moja ya HLA, iitwayo HLA-B53, ipo kwa wingi Afrika, na utafiti wa Gambia wa 1991 ulionyesha inawakinga watoto na malaria kali. Lakini aina za HLA zinazojulikana zinapita 30,000, na Afrika ndiko kwenye mchanganyiko mkubwa kuliko kote. Mtu baki wa kabila moja hamfikii ndugu wa tumbo moja.

Muhimbili wanapandikiza tangu Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma tangu 2018. Waambie wapime tishu, wapime kingamwili za mkeo, wafanye krosimachi na kila anayejitolea. Krosimachi kwanza, shamba baadaye! Na kama daktari anaona anaweza kukwepa kuongezewa damu, akwepe, kwani damu ya watu nayo huleta kingamwili hizo hizo.

Mke wangu leo anaishi na figo ya kaka yake wa tumbo moja, aliyekuwa hapa hapa Chumbageni muda wote na hakuna aliyemuuliza. Wewe umeandika kwamba shemeji yako wa Pangani, ndugu wa mkeo, hamsemezani tangu mirathi ya mzee. Panda gari kesho asubuhi, nenda kamwombe radhi, hata kama mwenye kosa ni yeye.