Hapana, si nyambizi

Ndugu uliyeuliza kama Wajerumani waliacha nyambizi chini ya Ziwa Tanganyika: hapana. Wazee wanaposimulia habari hiyo wanakusudia Graf von Goetzen, meli ya kawaida. Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na Kigoma, Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, isije ikatekwa. Kwanza mafundi wao walizipaka injini grisi nzito, ndiyo maana Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walizikuta bado nzima. Tangu 1927 inaitwa Liemba, basi mzamiaji hana cha kutafuta pale. Iliyobaki chini ni meli yao nyingine, Hedwig von Wissmann, iliyopigwa ikazama Februari 9, 1916.

Na sisi wa Lubumbashi tumo humo! Boti za Waingereza zilizopigana na Wajerumani ziwani humo, Mimi na Toutou, zilipita mjini kwetu kwa treni mwaka 1915 hadi Fungurume. Toka hapo zilivutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, na ni Wakongomani waliofyeka msitu na kujenga madaraja ya magogo. Ukiwasimulia watoto vita hivyo, anza na hao kabla ya manahodha.