Barua kwa mwanangu: deni la mchumba wako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama umkubalie mchumba wako anayetaka harusi isogezwe mbele mpaka amalize deni lake, au mfunge ndoa sasa na deni mlilipe pamoja. Nimekaa na swali lako siku tatu.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Nilipomuoa mama yako nilikuwa nadaiwa. Nilimdhamini rafiki kwenye mkopo, akashindwa kulipa, mzigo ukanirudia mimi. Nikanyamaza, nikiogopa kwamba akisikia ataghairi. Alikuja kujua mwaka wa pili wa ndoa, barua ya mdai ilipofika nyumbani mimi nikiwa kazini. Deni tulililipa, likaisha. Lakini kwa miaka mingi baadaye, kila niliposema "sina", alinitazama usoni kwanza ndipo aamini. Hilo liliniuma kuliko deni lenyewe.

Kwa hiyo kijana aliyekutajia deni lake kabla ya harusi, mimi nimempenda. Ila wewe usiishie hapo. Kaeni na makaratasi yake: limebaki kiasi gani, marejesho ya kila mwezi ni kiasi gani, riba ni asilimia ngapi, na kama naye amemwekea mtu saini ya udhamini. Riba ndiyo itakayokujibu. Deni la asilimia 2 kwa mwezi, lisipolipwa na riba ikazaa riba, hufika maradufu ndani ya miaka 3. Likiwa la namna hiyo, na alipunguze kwanza, nawe umsubiri. Likiwa linashuka kila mwezi, sioni cha kungoja. Watu wawili wakiishi pamoja hulipa kodi moja ya nyumba, na ile ya pili inaingia kwenye deni.

Msikope kwa ajili ya sherehe. Hapo sina mjadala. Na akiba yako usimpe alipie deni kabla hamjaoana. Simshuku, lakini uchumba huvunjika, na fedha iliyotolewa bila maandishi ni ngumu kuidai.

Kuhusu mshahara wako kuzidi wake, muulize yeye linamkaaje moyoni. Mimi siwezi kumjibia.

Mama yako ameisoma barua hii kabla sijaituma. Amesema habari za siku ile barua ya mdai ilipofika atakusimulia mwenyewe, ukija.

Baba yako