Baiskeli yangu ipite wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi napeleka maziwa Mwanjelwa toka Uyole, hapa Mbeya, madumu mawili nyuma ya baiskeli, barabara inapanuliwa sawa ila sie tumewekwa wapi? Lori la Tunduma likipita nakimbilia mtaroni, juzi dumu zima limemwagika.

JIBU: Marahaba, pole na maziwa. Barabara kuu ni ya TANROADS (wakala wa barabara wa taifa), za mitaa ndo TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, so usimlaumu mwenyekiti wa mtaa. Nafasi ipo, sheria ya barabara ya 2007 imetenga mita 30 kila upande toka katikati ya barabara. Dar walipojenga barabara ya mabasi ya mwendokasi waliweka na njia ya baiskeli (bodaboda nao wakahamia humo humo, basi tu). Nendeni TANROADS kikundi, muone michoro kabla lami haijamwagwa, mkiambiwa mtapita kwenye bega la barabara (ule ukingo wa pembeni) kataeni, bega huku kwetu ni pakingi ya malori.