Hodi ya Vampaya: Ushauri kwa Anayetaka Kusoma Riwaya za Sookie Stackhouse

Nililelewa Tanga na bibi aliyeamini mumiani. Magharibi ilipoingia alituita sote ndani, akatuambia kwamba kuna gari jekundu linalopita mitaani likitafuta watu wa kukamuliwa damu, na kwamba damu hiyo hupelekwa mbali ikatengenezwe dawa. Nilipokuwa mtu mzima nilijifunza kwamba hofu hiyo haikuwa ya bibi peke yake, kwani enzi za ukoloni ilienea kutoka pwani hadi Nairobi na Kampala, ambako watu waliwaogopa wazimamoto, na wanahistoria wameiandikia vitabu. Aliyekulia katika masimulizi hayo hachukui kwa wepesi riwaya ya vampaya, yaani wafu wanaoamka usiku kunyonya damu. Mimi nilifika umri wa miaka 36 kabla sijajua kwamba riwaya ya namna hiyo inaweza kumpumzisha mtu aliyechoka, ikamchekesha, kisha ikamwacha alale vizuri.

Riwaya ninazozisema ni za Charlaine Harris, mwandishi Mmarekani aliyezaliwa Mississippi mwaka 1951. Ziko 13, na zilitoka moja kila mwaka kuanzia 2001 hadi 2013. Msimulizi ni Sookie Stackhouse, mhudumu wa baa katika mji mdogo wa kubuni uitwao Bon Temps, kaskazini mwa jimbo la Louisiana, ambaye amezaliwa na mzigo wa kusikia mawazo ya watu. Katika ulimwengu wake Wajapani wamekwisha kuvumbua damu bandia, na kwa kuwa vampaya sasa wanaweza kuishi bila kumuuma mtu, wamejitokeza hadharani na wanadai haki za raia. Damu hiyo huuzwa kwa chupa, na baa anakofanya kazi Sookie huipasha moto kwenye maikrowevu kabla ya kumpelekea mteja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na kitabu cha nne. Muuzaji wa vitabu vya mitumba aliniambia kwamba kila kimoja kinajitegemea, nikamwamini. Kitabu hicho kinaanza kwa Sookie kumkuta barabarani usiku wa mwaka mpya mwanamume anayekimbia bila shati, akiwa amepotewa na kumbukumbu zote. Mtu huyo ni Eric, vampaya mwenye umri wa zaidi ya miaka 1000, aliyekuwa Viking, yaani baharia mpiganaji wa kale wa Ulaya ya kaskazini, alipokuwa hai, na ambaye katika vitabu vitatu vya mwanzo ni mjeuri, mwenye hesabu kali na anayejua sana kwamba yeye ni mzuri. Utamu wote wa kitabu cha nne umo katika kumwona mtu huyo akiwa mpole na mwenye hofu, akimtegemea mhudumu wa baa ampe mahali pa kujificha. Mimi sikuwa namfahamu, kwa hiyo nilisoma kurasa zaidi ya mia nikimwonea huruma mgonjwa tu. Niliporudi kwenye cha kwanza na kufika tena hapo kwa mpangilio, nilikiona kuwa kitabu kingine kabisa.

Ndiyo maana nakusihi usome kwa mpangilio. Jambo hilo lina ugumu wake, kwa sababu majina yote 13 ya Kiingereza yana neno linalomaanisha "mfu", na ukisimama mbele ya rundo la vitabu vilivyotumika majina hayo yanachanganyana. Fungua ukurasa wa ndani utazame mwaka wa kuchapishwa. Cha 2001 ndicho cha kwanza, na ukifuata miaka huwezi kukosea. Kuna pia hadithi fupi zilizokusanywa katika kitabu kimoja mwaka 2009, na moja kati ya hizo inahusu habari za binamu yake Sookie aitwaye Hadley. Isome kabla ya kitabu cha sita, vinginevyo utafika kwenye kitabu hicho ukikuta msiba unaozungumzwa kana kwamba ulikuwepo ulipotokea.

Ushauri wangu wa pili, ambao kwangu ndio mkubwa, ni kwamba usivisome kwa haraka ya kufikia meno na mapigano. Kila riwaya ina mauaji yanayochunguzwa, na uchunguzi huo unavuta, lakini nimesoma riwaya za upelelezi nyingi zenye mafumbo magumu kuliko haya. Kinachofanya mfululizo huu upendwe ni mambo madogo ya nyumbani. Sookie anahesabu fedha za kutengeneza njia ya kuingilia kwake. Siku ya mapumziko analala juani kwa raha, starehe ambayo hakuna vampaya anayeweza kushiriki naye. Ana kalenda inayompa neno moja jipya kila siku, na hujitahidi kulitumia neno hilo kabla jua halijazama. Bibi yake, aliyemlea, anasikia kwamba Bill, vampaya wa kwanza kuingia mjini, alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani katika karne ya 19, na jambo la kwanza linalomjia akilini ni kumwalika aje azungumze kwenye chama chao cha wapenda historia. Niliposoma hapo nilimwona bibi yangu mwenyewe, ambaye mgeni yeyote aliyepiga hodi kwake, hata angekuwa wa kutiliwa shaka namna gani, angeulizwa kwanza habari za watu wa kwao.

Tukio moja la kitabu cha kwanza linafaa kusomwa na kila aliyewahi kuambiwa habari za mumiani. Bill yuko nje ya baa gizani, amelazwa chini na kufungwa kwa minyororo ya fedha, madini ambayo humchoma vampaya na kumnyima nguvu. Mume na mke wa mji huo wanamkamua damu, kwa sababu katika ulimwengu huu damu ya vampaya huwapa binadamu nguvu na uzuri, na huuzwa kwa siri kama dawa za kulevya. Sookie, msichana wa miaka 25 aliyetoka kazini amechoka, anachukua mnyororo na kuwakabili wote wawili. Nililisoma tukio hilo mara mbili usiku uleule. Gari la bibi lilikuwa limegeuzwa: mwenye meno ndiye mwindwa, na wanaobeba mirija ya damu ni majirani tunaowasalimu kila siku. Baadaye msichana anagundua kwamba mawazo ya Bill hayasikii hata kidogo, na kwa mtu ambaye maisha yake yote amesikia kelele za vichwa vya wengine, ukimya huo ni zawadi. Mapenzi yao yanaanzia hapo, katika kupumzika, na mimi sijasoma sababu ya kupendana iliyonigusa zaidi katika riwaya za aina hii.

Ucheshi wake ni wa aina ya utulivu. Sookie anapouliza jina la vampaya wake wa kwanza anategemea jina la kifahari la kale, anaambiwa ni Bill, jina la kawaida kwao kama Juma lilivyo kwetu, na anaangua kicheko. Pam, vampaya hodari na mkatili anapohitajika kuwa hivyo, hufuatilia kwa bidii safu ya ushauri ya gazetini ili awaelewe binadamu. Yupo pia Bubba, mwimbaji mashuhuri wa Memphis aliyegeuzwa vampaya akiwa amekwisha kuharibika ubongo, ambaye hupenda damu ya paka na ambaye hakuna anayeruhusiwa kumwita kwa jina lake la zamani. Wanaopenda muziki wa miaka ya 1950 watamtambua mara moja.

Kiingereza chake ni chepesi, cha mtu anayesimulia jikoni. Nilipoanza nilikuwa nikisimama kila mstari kufungua kamusi, na raha yote ikapotea. Afadhali uandike maneno matatu au manne kwa kila sura, uyatafute baadaye, na usiache hadithi ipoe kwa ajili ya msamiati.

Ni vitabu vya watu wazima. Vina mapenzi ya chumbani yanayoelezwa waziwazi na vina vifo vya kutisha, kwa hiyo vyangu nimeviweka rafu ya juu, na binti yangu wa sekondari anajua kwamba muda wake haujafika. Nakutahadharisha pia kwamba wepesi unapungua kadiri unavyoendelea. Kitabu cha tisa, cha 2009, kina mateso ambayo Sookie anayabeba katika vitabu vinavyofuata, na kwa maoni yangu mambo ya majini wa Kizungu wenye masikio yaliyochongoka yanajaa mno kuanzia hapo. Ukitaka furaha tupu, vitabu vinne vya mwanzo vinatosha, na hakuna aibu kuishia hapo. Mimi niliendelea hadi cha 13 kwa sababu nilikuwa nimemzoea Sookie kama mtu wa nyumbani, na sikujuta.

Tamthilia ya televisheni iliyotokana na riwaya hizi ilirushwa na kituo cha Marekani cha HBO kuanzia 2008 hadi 2014, misimu saba. Ni kali zaidi, ina damu nyingi zaidi, na haifuati vitabu. Mhusika ambaye kitabuni anakutwa amekufa mwanzoni mwa riwaya ya pili, kwenye tamthilia anaishi hadi mwisho. Itazame ukishamaliza vitabu, kwa sababu sauti ya Sookie akisimulia mwenyewe haipatikani humo.

Mwaka jana nilimwazima wifi yangu kitabu cha kwanza, naye ni mtu aliyeapa kwamba hasomi habari za mashetani. Nilimwomba azingatie sheria moja tu: vampaya hawezi kuvuka kizingiti cha nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba amwambie karibu, na mwenye nyumba ana haki ya kuufuta ukaribisho huo wakati wowote. Alisoma cha kwanza kwa wiki tatu, cha pili kwa wiki moja. Usiku aliokuwa akimaliza cha tatu simu yangu iliita saa tano. Alikuwa amefika pale Sookie, mnyonge na aliyechoshwa na ugomvi wa wanaume wawili wenye nguvu kumshinda mara mia, anaposimama nyumbani kwake na kutamka kwamba hawakaribishwi tena, na miguu yao inawatoa nje kinyumenyume bila hiari yao. "Wifi," aliniambia, na nilimsikia akifunga kitabu, "kesho asubuhi napita kuchukua cha nne."