Ekari 40, nyumba na shamba pamoja: mgawanyo, maji na hati

SWALI: Tumerithi shamba la ekari 40 wilayani Bagamoyo, kando ya barabara ya Msata. Lina mananasi, miembe ya zamani, bustani ya mboga bondeni na ng'ombe wachache. Mji unatufuata, na madalali wanataka tukate viwanja eneo lote. Sisi tungependa kuuza sehemu tu, nyumba zilizunguke shamba, na wakazi wapate mboga na maziwa hapohapo. Tubakize ekari ngapi, na tuanzie wapi? Kuna jirani aliyejaribu mpango kama huu. Miaka mitano baadaye shamba lote limekuwa nyumba.

JIBU: Tuanze na jirani yenu, maana yaliyomkuta yatawakuta nanyi msipojihadhari. Mambo haya huharibikia kwenye mchoro wa mipangomiji, kabla hata msingi wa nyumba ya kwanza haujachimbwa. Viwanja vinakatwa, halafu kipande cha katikati kinaandikwa "eneo la wazi", au kinaachwa tu kama salio la shamba la awali. Kikiandikwa eneo la wazi kinakuwa cha umma, chini ya halmashauri. Familia haina tena mamlaka ya kukilima wala kumkodisha mkulima, majani yanaota, vinaingia vibanda, mwisho linaingia gereji. Kikibaki salio, ndicho cha kwanza kuuzwa siku mwanafamilia akikwama ada au matibabu.

Kwa hiyo shamba lipimwe kama kiwanja kimoja chenye namba yake, bikoni (alama za mipaka) zake na hati yake, matumizi yakiwa kilimo, na hati hiyo itoke kabla hamjauza kiwanja cha kwanza cha makazi. Hati isiwe kwa jina la mtu mmoja. Iwe ya kampuni ya familia, ushirika, au wadhamini waliosajiliwa, na katiba ya chombo hicho iseme wazi kwamba shamba haliuzwi, haligawanywi wala kubadilishwa matumizi bila ridhaa ya wenye viwanja robo tatu pamoja na ya familia. Sharti hilohilo mwanasheria aliweke kwenye kila mkataba wa mauziano, ili kila mnunuzi awe na haki ya kupinga shamba likiguswa. Msiridhike na kikao cha ukoo.

Kabla ya hapo, hakikisheni ardhi yenu ni ya aina gani. Kama ni ardhi ya kijiji na mnacho cheti cha hakimiliki ya kimila, msianze na mpimaji. Safari inaanzia serikali ya kijiji na ofisi ya ardhi ya halmashauri, nayo ni ndefu. Kama eneo limeshatangazwa kuwa la mipangomiji, ulizeni kanuni za kilimo mjini: zina ukomo wa eneo analoweza kulima mtu mmoja mjini na idadi ya mifugo anayoweza kufuga. Jibu la ofisa mipangomiji lipatikane kwa maandishi. Ulizeni pia NEMC, baraza la taifa la mazingira, mapema kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira, maana wakikuambieni mwishoni mtarudia mchoro.

Sasa mchoro wenyewe. Kosa la kawaida ni kupanga barabara na viwanja kwanza, kisha kilichobaki kuitwa shamba. Kinachobaki siku zote ni mteremko, jiwe na dimbwi. Udongo ndio upange. Chimbeni mashimo ya kina cha mita 1.2 hadi 1.5, angalau moja kwa kila ekari mbili, muone kina cha udongo, mchanga unaanzia wapi, na kama kuna tabaka gumu linalozuia mizizi na maji. Chukueni sampuli za sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 50, kila moja kwenye mfuko wake, mzipeleke maabara ya udongo ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Mlingano, kule Tanga, au chuo kikuu cha kilimo, SUA, Morogoro. Udongo mzito wa bondeni na ule wenye rutuba wa katikati ndio shamba. Nyumba zipande mgongoni, kwenye mchanga mwembamba ambao hata hivyo haukulipi kwa mboga. Kama bondeni kuna mto au kijito, sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo, kwa hiyo eneo hilo msilihesabu kama bustani.

Kwa ekari 40, mgawanyo tunaoupendekeza ni huu: shamba 16, ukanda wa kinga pamoja na njia za maji ya mvua 4, barabara 6, viwanja vya makazi 12, na ekari 2 za stoo, sehemu ya kuuzia mazao na huduma za jamii. Ekari 12 ni kama mita za mraba 48,500, yaani viwanja 80 vya mita za mraba 600. Dalali atawaambia kwamba mkikata eneo lote mnapata viwanja karibu 175, na hesabu yake ni sahihi. Njia ya kupunguza pengo hilo ni kupunguza ukubwa wa baadhi ya viwanja, si kumega shamba. Nusu ya eneo la makazi ikiwa viwanja vya mita za mraba 400, jumla inafika 100. Anayetazamana na miembe na matuta ya mboga hukubali ua mdogo, mradi kanuni za viwango vya viwanja za eneo lenu ziruhusu.

Umbo la shamba nalo lina hesabu yake. Ekari 16 zikiwa mraba, kila upande ni mita 254 na mzunguko wake ni kama mita 1,020. Zikiwa mstatili wa mita 130 kwa 498, mzunguko unafika mita 1,256, na kwa viwanja vyenye uso wa mita 20 mnaongeza zaidi ya kumi vinavyotazama shamba. Lakini msishuke chini ya mita 120 za upana. Shamba jembamba trekta linapoteza muda kugeuka, na kila tuta linakuwa jirani wa nyumba ya mtu.

Kwenye maji ndiko tunakowaomba mtulie, maana miradi mingi inahesabu matumizi ya nyumba na kulisahau shamba. Mboga wakati wa kiangazi zinahitaji kama milimita 5 za maji kwa siku. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni lita 20,000 kwa siku. Mkiongeza upotevu mdogo wa umwagiliaji wa matone ni kama lita 22,000. Bustani ya ekari 5 inataka lita 110,000. Nyumba 80 zenye watu watano kila moja, kwa lita 100 kwa mtu, zinataka lita 40,000. Bustani inakunywa karibu mara tatu ya mtaa mzima. Kisima kirefu kinachotoa lita 5,000 kwa saa, kikipampiwa saa 10, kinatoa lita 50,000: kinatosha nyumba na kuacha kidogo sana kwa shamba.

Ndiyo maana kisima kipimwe kabla mchoro haujakamilika. Jaribio la kupampu liende saa 24 mfululizo bila kuzima, kisha mpime maji yanarudi juu kwa kasi gani. Lifanyike mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli. Kisima kilichopimwa baada ya masika hutoa namba nzuri ambazo hazitakuwepo Oktoba. Pimeni na chumvi, kwa sababu ukanda wa Pwani maji ya chini mara nyingi yana magadi. EC, yaani kipimo cha chumvi kwenye maji, ikiwa chini ya 0.7 dS/m mko salama kwa karibu kila zao. Ikipita 3, mavuno ya maharage na mboga laini yatashuka sana. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Na tangu siku ya kwanza shamba liwe na tangi lake, bomba lake na mita yake. Mkichanganya, siku ya mgawo wakazi watafunga koki ya bustani, na hakuna mkulima atakayeshinda kikao hicho.

Pengo la maji lizibwe na mvua. Mapaa 80 ya mita za mraba 120 ni mita za mraba 9,600. Kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, mkikusanya asilimia 80 mnapata lita milioni 7.68, ambazo ni umwagiliaji wa siku kama 70 kwa ekari zile tano. Hamtaweza kuzihifadhi zote. Lambo la mita 50 kwa 30 lenye kina cha mita 2 linabeba lita milioni 3. Kwenye mchanga wa Pwani lisipotandikwa turubai zito la bwawa litakauka ndani ya wiki chache, na hata likitandikwa jua litakunywa kama lita 7,500 kwa siku. Lizungushieni uzio wenye geti la kufungwa. Watoto wa nyumba 80 watalifuata.

Majitaka: mashimo 80 ya kunyonya juu ya mchanga ni njia ya haraka ya kuharibu kisima chenu wenyewe, kwa kuwa mchanga unapitisha maji upesi mno kuyachuja. Kila nyumba iwe na karo la kutuamisha, kisha maji yashuke kwa bomba la pamoja hadi kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Kwa watu 400, wekeni mita za mraba 600 zenye kina cha sentimita 60; maji yatakaa humo takriban siku nne. Yakitoka yanafaa migomba, malisho na miti ya matunda. Msimwagilie mchicha, saladi wala kitu chochote kinacholiwa kibichi. Karo zikae chini ya kisima kwa mteremko, na zisikaribie chini ya mita 30. Kitanda hiki huziba pale watu wanapoacha kunyonya karo, tope likavuka. Ratiba ya kunyonya iwe kazi ya chama cha wakazi na ilipiwe kwenye ada.

Mifugo iwe upande wa magharibi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo harufu ya banda lililo magharibi huondoka kuelekea magharibi misimu yote miwili. Hakikisheni tu kwamba ng'ambo ya mpaka hakuna makazi. Banda likae mita 50 au zaidi kutoka ukuta wa nyumba ya karibu, miti inayopuliziwa dawa mita 30, matuta ya mboga 15. Kwenye ukanda huo pandeni mivinje mistari miwili iliyopishana, na mbele yake uzio hai wa miglirisidia ambayo pia ni malisho. Msijenge ukuta wa tofali: upepo unaruka juu yake na kuanguka kwa kishindo upande wa pili, ilhali safu ya miti inayopitisha karibu nusu ya upepo huupooza hadi umbali wa mara kumi ya urefu wake. Minyaa msipande kabisa kwenye mtaa wa watoto. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Ng'ombe wawe wachache. Kila mmoja anahitaji nusu ekari hadi ekari nzima ya majani ya kukata, na ekari hizo zinatoka kwenye hizohizo 16.

Geti la shamba liwe la peke yake, kwenye barabara kubwa, njia iwe na upana wa mita 6 na nafasi ya Fuso kugeuka. Lori la samadi likipita katikati ya nyumba asubuhi ya Jumapili, malalamiko yataanza wiki hiyohiyo. Mkataba wa mnunuzi utaje kwa lugha nyepesi kwamba kazi huanza alfajiri, kuna trekta, kuna harufu baadhi ya siku, na dawa hupulizwa upepo ukiwa mdogo baada ya taarifa ya saa 48.

Mkulima naye mpeni mkataba wa miaka isiyopungua mitano, bora kumi. Nanasi la kwanza linavunwa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na mwembe wa kubebesha unaanza kulipa mwaka wa tatu au wa nne. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja atapanda mchicha, avune kila baada ya wiki tatu nne, asirudishe samadi, aondoke udongo umechoka. Soko lake la kwanza ni kapu la wiki. Nyumba 80 kwa kilo 8 ni kilo 640 kwa wiki, tani 33 kwa mwaka, na ekari 4 hadi 5 zinazomwagiliwa vizuri zinaweza kuzitoa. Pangeni lakini kana kwamba nusu tu ya nyumba ndizo zitajiunga, na nusu ya mzigo iwe na mnunuzi mwingine mjini Bagamoyo kabla mbegu haijasiwa.

Kuhusu fedha za kulitunza shamba baada ya viwanja kuisha, angalieni Prairie Crossing, mtaa ulioko Grayslake, Illinois, nchini Marekani. Majirani waliinunua ardhi hiyo ya ekari 677 mwaka 1987 kuzuia mpango wa nyumba 2,400. Wakajenga nyumba 359 na fleti 36, wakabakiza shamba la kilimo hai la kama ekari 100, na kila nyumba inapouzwa tena nusu asilimia ya bei huenda kwenye taasisi ya kuhifadhi ardhi na mazingira ya hapo. Kifungu cha aina hiyo kinawezekana kwenye mikataba yenu, na kiandikwe mapema: mnunuzi wa kwanza akishaingia bila sharti hilo, hamna namna ya kumrudia.

Mashimo ya udongo yachimbwe mwezi huu, jaribio la pampu lisubiri Oktoba, na dalali asionyeshwe kitu mpaka majibu yote mawili yawe mezani. Mpangaji akileta rasimu ya kwanza, tafuteni vitu vinne tu: kiwanja cha shamba chenye namba yake na neno "kilimo", geti la shamba, bomba la shamba, na mshale unaoonyesha upepo. Kimoja kikikosekana, mrudishieni arekebishe.