Kuhusu chimbuko la ndege nyepesi za mtu mmoja

Ndugu, umeuliza kama ndege hizi zilianza miaka ya 1970, vijana walipofunga injini ndogo kwenye tiara za kubeba mtu. Kwa maoni yangu chimbuko lake ni la zamani zaidi, nalo ni Demoiselle, ambayo Mbrazili Alberto Santos-Dumont aliibuni na kuirusha kwa mara ya kwanza nchini Ufaransa mwezi Novemba 1907.

Toleo hilo la kwanza, namba 19 katika orodha ya vyombo vyake vya kuruka, lilikuwa na mwanzi mmoja tu ulioshika mkia, likakosa uimara. Katika namba 20 ya mwaka 1909, mianzi ilikuwa mitatu, iliyopangwa kwa umbo la pembetatu na kukazwa kwa waya, huku bawa la hariri lenye upana wa takriban mita 5 likiwa juu ya kichwa cha rubani, aliyekaa chini kabisa, katikati ya magurudumu. Lililonivutia zaidi ni namna ya kulinda mizani: wenzo wa kupinda ncha za mabawa uliunganishwa na koti lake mgongoni, hivyo alipoegemea upande mmoja, ndege ilimfuata. Ni kweli kwamba wepesi wa ndege hiyo ulimfaa Santos-Dumont hasa, kwa kuwa alikuwa mtu mdogo wa mwili.

Santos-Dumont hakudai hataza. Aliiacha michoro itumiwe na yeyote, na mwaka 1910 jarida la Popular Mechanics la Marekani likaichapisha kwa ajili ya mafundi wa nyumbani.