Kizingiti cha Shule Msiking'oe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mtaani kwetu shule kongwe ya mawe imeanguka, kumebaki kizingiti na kipande cha ukuta. Tumeafikiana pawe bustani ndogo. Fundi atwambia tung'oe vyote, tumwage saruji. Waonaje?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Msikubali hata kidogo! Nenda Kengeleni, hapo jirani yako. Hapo ndipo kijiji cha Frere Town, Mombasa, kilipoanzishwa 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Palikuwa na kanisa na shule, na kengele ikilizwa watu wajue wateka watumwa waja. Leo matatu zapita mchana kutwa, lakini kengele ingalipo, na utingo akiita "Kengeleni!" aitaja historia hiyo.

Kizingiti chenu kikague vizuri. Bila shaka katikati kimebonyea. Ni nyayo za watoto hizo, miaka na miaka. Utanunua wapi kingine?

Ukuta nao una tabia yake. Mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa hupumua. Ukiyapaka saruji, unyevu na chumvi vyanaswa ndani, jiwe lamomonyoka polepole. Tafuteni fundi wa chokaa. Mji wa Kale hamtamkosa. Kabla ya kugusa chochote, pitieni ofisi ya makumbusho pale Fort Jesus, muulize kama mahali hapo pamelindwa kisheria.

Mwarobaini upandeni mbali na ukuta, mizizi isije ikaupasua. Na viti vijengwe kama baraza, wazee wapate pa kukaa alasiri.